Chakula cha Mchana Selo Namba Nne

Nchi yetu sitaitaja jina, kwa sababu ni nchi yenye haya na haipendi kutajwatajwa ovyo. Nitasema tu kwamba inawajali wazee wake. Ushahidi ninao. Mwezi wa sita mimi Pongwa, fundi cherehani, umri wangu miaka sabini na miwili, nililetewa mwaliko wenye nembo ya taifa, nikale chakula cha mchana kwenye jela niliyofungwa zamani.

Usishtuke, jela imeshakuwa baa. Serikali iliona uchungu jengo la kihistoria kuozea pale bure, ikalipiga mnada. Mwenyekiti wa kamati ya mnada alikuwa Mheshimiwa Daktari Zakaria Lwimbo, Waziri wa Kumbukumbu za Taifa. Aliyeshinda mnada alikuwa mke wake. Nasikia walibishana vikali, na kwamba siku hiyo Mheshimiwa alikataa kabisa kupanda gari moja na mnunuzi, kulinda maadili ya kazi. Wakaliita Selo Namba Nne, Baa na Mgahawa wa Kumbukumbu.

Selo namba nne ndimo tulimolala sisi, watu sita, miaka mitatu na ushei, enzi za yule Rais ambaye picha yake siku hizi haitundikwi. Lwimbo mwenyewe alikuwa mmoja wetu, mfungwa namba 417. Nilikuwa nikimwita ndugu. Mwaliko ulipofika nilijisemea, unaona Pongwa, mwenzako ukubwa haujamlevya.

Mwaliko ulisema mashujaa wote wa selo ile wameandikwa ukutani, na familia za waliotangulia mbele ya haki zinakaribishwa kutazama. Nikaifunga cherehani yangu, nikaenda kwa jirani, Bi Rehani.

Bi Rehani ni mjane wa Sudi Mtambo. Sudi tulilala naye bega kwa bega selo namba nne. Jumatano moja alfajiri walimtoa, hakurudi, na mpaka leo kaburi lake halijulikani. Serikali haijapata kuandika jina lake popote, hata kwenye cheti cha kifo, maana ofisi inasema ili upewe cheti lazima marehemu aje na kitambulisho. Miaka thelathini na minane mwanamke yule hana pa kwenda kusema hapa ndipo alipo mume wangu. Kwa hiyo jina, hata kama ni kwenye ukuta wa baa, lilikuwa jambo kubwa.

"Wamelichonga au wamelipaka rangi?" aliniuliza.

"Sijui, shemeji."

"Likiwa limechongwa nitaligusa." "Haya, Fundi. Tutakwenda."

Nitie na hili, ingawa si kitu. Mimi humwita shemeji, yeye huniita Fundi. Tumepakana ua, cherehani yangu anaisikia mpaka jikoni kwake, lakini hajawahi kunipa hata kipande cha kitambaa nimshonee. Nguo zake hupeleka ng'ambo ya soko kwa fundi mmoja mlevi ambaye hukata mikono isiyolingana, mmoja ukifika kiwikoni mwingine unafika kwapani. Miaka yote hiyo nilijua tu kwamba ndivyo anavyopenda. Wanawake wana mitindo yao.

*

Tulifika saa sita mchana kamili, kama mwaliko ulivyoamuru. Langoni tulipokewa na binti aliyevalishwa sare ya askari jela, ila sketi ilikuwa fupi kuliko ya askari wowote niliowajua, na rungu lilikuwa la plastiki.

"Mfungwa, namba yako."

Nikajibu 420. Mdomo ulinitangulia, wallahi, na mikono ikaenda yenyewe nyuma ya mgongo. Binti akapekua orodha yake.

"Hakuna 420. Wewe ni meza ya thelathini na nane."

Wakatuvisha vibao shingoni, tukapelekwa kwenye meza ya zege. Kulikuwa na watu wengi, wamevaa vizuri, wanapigana picha kwenye nondo. Orodha ya vyakula iliitwa Hukumu. Ndani yake mlikuwa na Kuku Aliyeungama, Ndizi za Kazi Ngumu na Soda ya Kifungo cha Maisha. Bi Rehani akachagua kuku, mimi nikachagua ndizi, tukaomba na soda mbili baridi. Ilikuwa saa sita na robo.

Saa saba ikafika, hakuna kitu. Saa saba na nusu ikaletwa soda moja, ya moto, na mrija mmoja. Saa nane yule binti alipopita nikamwita kwa adabu.

"Mfungwa haiti," alisema. "Mfungwa anaitwa."

Halafu akainama kama anayefuta meza, akaninong'oneza, "Shikamoo babu. Nisamehe, tumeambiwa lazima tujibu hivyo. Gesi imekwisha jikoni. Mimi naitwa Jeska."

"Marahaba, mwanangu. Itakuja lini?"

"Hata sisi hatujui," alisema, akainuka, akanipiga begani na rungu la plastiki, polepole.

Mimi si mtu wa kulalamika. Lakini tuseme ukweli, jela ile ya zamani ilikuwa na ukatili wake na uji ulikuwa na wadudu, ila ulikuja saa kumi na mbili na nusu kila siku aliyoileta Mungu. Nikamfuata meneja. Kibao kwenye koti lake kilisema Mkuu wa Gereza. Nikamweleza kwamba tumeagiza saa sita na robo na sasa ni saa nane na nusu.

"Mzee wangu," akaniambia, akiwa ameshika mikono yangu miwili, "unayoyapata sasa ndiyo huduma yenyewe. Kusubiri bila kujua utasubiri mpaka lini. Tulileta mtaalamu kutoka nje akakaa hapa miezi minne akiitafiti hali hiyo. Chakula mtu anaweza kula popote."

Nilimshukuru. Nilirudi mezani nikamweleza Bi Rehani kwamba tayari tumehudumiwa.

*

"Basi tukaone jina," alisema.

Ukuta wenyewe ulikuwa ule wa mwisho, tulipokuwa tunasimamishwa kuhesabiwa. Juu kabisa, kwa herufi za dhahabu zenye kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, paliandikwa MHESHIMIWA DAKTARI ZAKARIA LWIMBO. Chini yake, kwa herufi ndogo, NA WENGINE WATANO. Sehemu yote iliyobaki lilikuwa tangazo la bia.

Bi Rehani alisoma. Akarudia kusoma. Akatazama na pembeni, labda ubavuni mwa chupa ya bia pana kitu.

"Fundi, Sudi yuko wapi?"

Mkuu wa Gereza alikuwa ametufuata. "Yumo, mama. Yumo kwenye hao watano. Mheshimiwa alisisitiza sana asiachwe hata mmoja."

Bi Rehani akanyoosha mkono akaligusa lile neno, watano, akalipapasa kwa kidole kimoja. Halikuchongwa. Lilikuwa la rangi, tena mbichi, na kidole kikatoka na dhahabu. Alikitazama, akakipangusa kwenye ncha ya kanga yake, tukarudi kukaa. Mimi ndiye niliyemleta, na niliona aibu hata nikashindwa kumtazama.

*

Saa tisa ukaja mchezo. Hilo nalo lilikuwemo kwenye mwaliko, mchezo wa kuigiza wa kweli tupu, uliotungwa na wizara, uitwao Kikulacho Ki Nguoni Mwako. Jeska na wenzake wakagawa njugu kwenye karatasi, wakatueleza utaratibu. Njugu si za kula. Msaliti akitokea, unamrushia.

Ili uuelewe mchezo inabidi nikueleze kawaida yetu ya selo. Tulikuwa tunapewa kopo moja la uji, watu sita. Lilizunguka, kila mtu funda zake, na kama mmoja ameitwa ofisini kuhojiwa, wengine tunamwachia funda la mwisho. Hilo halikuguswa. Mtu akirudi amevimba uso, anakuta funda lake. Wengi wetu tuliitwa mara moja moja. Lwimbo aliitwa kila Jumanne. Na kila Jumanne alirudi, tukampa kopo, akalisukuma. "Kunyweni tu, ndugu zangu, mimi nimefunga." Basi lile funda tulikuwa tunampa Sudi, aliyekuwa na kifua, naye alikuwa akimwombea Lwimbo dua kabla ya kulimeza. Kisa hicho nimemsimulia Bi Rehani mara nyingi, yeye upande wake wa ua na mimi upande wangu. Siku zote nilikimaliza hivi: yule ndiye mtu.

Kwenye mchezo Lwimbo aliigizwa na kijana mrefu mwenye kifua wazi. Alipolisukuma kopo, watu wazima walifuta machozi. Mimi nilifuta yangu.

Ikaja sehemu ya barua. Sudi aliandika barua ya majina ya waliokufa mle ndani, ipelekwe nje. Mwenzetu mmoja wa mle selo alikuwa anaachiliwa Alhamisi. Mimi niliifumua kola ya shati lake nikaishonea barua humo, kwa sindano niliyoitengeneza kwa waya. Waliojua ni sisi sita tu. Jumatano alfajiri askari waliingia, hawakupekua blanketi wala ndoo, walikwenda moja kwa moja kwenye kola. Wakauliza nani kaandika. Sudi akasema mimi, ili wasituchukue wote.

Jukwaani msimuliaji akatangaza, "Na sasa, msaliti." Njugu ya kwanza niliirusha mimi, kwa hasira ya miaka thelathini na minane. Ikampata mgongoni. Ndipo yule mwigizaji akageuka nikaona amevaa futi ya kupimia shingoni, na sindano mkononi kubwa kama mshikaki, na anachechemea mguu wa kushoto kama ninavyochechemea mimi.

"Mimi Fundi," alisema kwa sauti ya pua, "nimeishona, na mimi nitaifumua."

Watu walicheka, wakarusha. Watoto walirusha. Nilibaki na karatasi yangu ya njugu, sijui niiweke wapi. Nikamtazama Bi Rehani. Mkono wake ulikuwa umefumba njugu. Hakuzirusha, wala hakuziweka chini.

Hapo ndipo nilipoelewa ile mikono isiyolingana. Kumbe haukuwa mtindo. Kumbe mji mzima ulikuwa na kisa chake, na mimi peke yangu ndiye ambaye sikukisikia, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwemo. Iliniuma. Iliniuma kuliko siku walipouvunja mguu huu, maana siku ile nilijua ninaumizwa na maadui.

*

Mimi nikiona haya huwa naongea chochote. Kando yetu palitundikwa fremu nyingi. Jeska alishatueleza asili yake: kijana mpambaji alitumwa kwenye ghala la zamani, akaambiwa atafute kila chenye namba 417, akisafishe, akitundike kwa heshima ya Mheshimiwa. Ndiyo maana palikuwa na blanketi 417, kijiko 417, na karatasi moja iliyochakaa ndani ya kioo. Kusoma hakuambiwa.

"Shemeji, miwani ya kusomea nimesahau," nikasema. "Hebu nisomee hiyo karatasi tupitishe muda."

Alisogea. Nadhani naye alitaka kitu cha kufanya zaidi ya kunitazama.

"Daftari la jiko la maofisa," alisoma. "Jumanne, tarehe mbili. Namba 417. Chai ya maziwa, mkate na siagi, mayai mawili. Kwa amri ya Ofisi Maalumu." Akashuka mstari. "Jumanne, tarehe tisa. Namba 417. Pilau, nyama ya mbuzi. Maelezo..."

"Maelezo nini?"

"Maelezo, kazi nzuri."

Hakugeuka upesi. Tarehe kumi, siku waliyomtoa Sudi, hakuna wa kumfundisha Bi Rehani. Huisomea hitima kila mwaka, na mimi huenda, hukaa mlangoni.

"Alikuwa akisema amefunga," alisema, mgongo wake ukiwa kwangu.

"Ndiyo, shemeji."

"Na Sudi alikuwa akimwombea dua."

"Ndiyo."

Nilitamani kumwambia kwamba na mimi nilikuwa nikimwombea. Nilitamani kumwambia kwamba miaka yote hii mtu akimsema Lwimbo vibaya kibarazani kwangu nilikuwa ninamfukuza, na nguo yake ninamrudishia haijaisha. Nilijiona mjinga wa kutupwa.

*

Mheshimiwa alifika saa kumi na moja na magari tisa. Beji yake ya dhahabu ilikuwa na namba 417, ili hata mgeni ajue. Alinikumbatia mbele ya kamera, akasema huyu ndugu yangu, akauliza pembeni jina langu nani vile.

Alihutubia. Alisema taifa lisilo na kumbukumbu ni kama nyumba isiyo na choo. Alisema wizara yake imeshakumbuka asilimia sitini na nane ya historia na iliyobaki itakumbukwa ifikapo mwisho wa mwaka wa fedha. Alisema kusubiri chakula ni uzalendo. Tukapiga makofi, na tumbo langu nalo likapiga lake.

"Na sasa," alisema, "kopo la mshikamano."

Lilikuwa lilelile. Nilijua kwa ule mdomo uliopinda. Wakalijaza maji ya zabibu. Mheshimiwa akaliinua, akaligusisha kwenye midomo, akalipitisha. Nilikuwa natazama koo lake na halikucheza. Likapita kwa balozi mmoja wa nchi ya nje, likapita kwa mwenye kampuni ya bia, likapita kwa mke wa Mheshimiwa, likafika kwetu limebaki funda moja.

Bi Rehani akalipokea. Akasimama. Nilidhani atasema bismillahi anywe. Badala yake akaenda nalo, taratibu, na kanga yake yenye doa la dhahabu, mpaka mbele ya meza kuu.

"Kunywa, Mheshimiwa."

"Nimeshakunywa, mama yangu."

"Hujanywa, nilikuwa nakutazama. Funda hili ni lako. Kunywa tu, leo si Jumanne."

Mheshimiwa alitabasamu kwa sababu ya kamera, akasema mama amechoka, apewe kiti.

"Mimi ni mke wa Sudi Mtambo," alisema, hakupaza sauti. "Jumanne tarehe tisa ulipewa pilau na nyama ya mbuzi. Kazi nzuri, wameandika. Iko pale ukutani, umeitundika mwenyewe. Jumatano tarehe kumi wakamchukua mume wangu. Fundi wa watu mmemvisha futi mkamrushia njugu. Mimi nilikuwa nazo mkononi."

Sijui ni nani aliyeanza. Nadhani alikuwa mtoto. Watu walikwisha kufundishwa utaratibu, na wengi walidhani hii ndiyo sehemu ya pili ya mchezo. Njugu moja ikampata Mheshimiwa kwenye beji, ikalia. Halafu mbili. Halafu baa nzima, kwa vicheko na vifijo, balozi naye akirusha za kwake kwa adabu. Mheshimiwa akaendelea kutabasamu, maana hakuna mwongozo wa wizara unaosema waziri afanye nini akiigizwa na yeye yupo. Njugu zilimwingia mpaka kwenye kola.

Tuliondoka bila kufukuzwa. Langoni Jeska alitukimbilia na mfuko. Ndani mlikuwa na kuku wetu, saa kumi na mbili kasorobo, mbichi katikati.

*

Serikali yetu ni sikivu, haikukaa kimya. Jumatatu wizara ilitoa taarifa kwamba chai iliyotajwa ilinywewa kwa niaba ya wananchi. Tume ikaundwa, na mwenyekiti wake ni Mheshimiwa, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwepo. Fremu imeondolewa ili ihifadhiwe vizuri zaidi, na ghala limeungua. Na kwenye Hukumu, nasikia, kimeongezwa kitu kipya kiitwacho Chai ya Jumanne, ya maziwa, na mkate na siagi na mayai mawili. Nasikia hicho kinaletwa haraka na watu wanakipanga foleni. Ukutani bado tuko watano.

Lakini nilikuwa nataka kusema habari ya Jumapili, yaani kesho yake tu baada ya ule mlo. Asubuhi nilikuwa nafagia kibaraza. Bi Rehani akatokea, hakupitia uani, alizunguka akaja kwa mlango wa mbele kama mteja. Alikuwa na vitenge vitatu mkononi, vimekunjwa, vinanuka dawa ya nondo. Kimoja nilikijua, kilitoka mwaka ule tulipofungwa, Sudi alikuwa akikisema selo, kwamba alimnunulia mke wake kabla ya kukamatwa na hajui kama amekishona.

Akaviweka juu ya cherehani. Akasimama wima, akanyoosha mikono yake pembeni.

"Nipime, shemeji," alisema. "Na mikono ilingane."